Ngano iliyochelewa kupandwa: kuna inayolikimbia joto na kuna inayolistahimili

Swali: Mtaalamu, pole na kazi. Nalima ngano ya kumwagilia kwenye shamba lilelile ninalovuna mpunga. Mpunga huchelewa kutoka, kwa hiyo ngano naipanda wiki tatu au nne baada ya muda unaoshauriwa, na inapofika kujaza punje joto limeshapanda. Mavuno ni haba na punje zinatoka nyembamba, zimenywea. Sasa nimeletewa aina mbili za mbegu. Karatasi ya moja inasema ni "ya kupandwa kwa kuchelewa", ya pili inasema "inastahimili joto". Hivi si kitu kimoja? Nichukue ipi? Nimeshauriwa pia ninyunyizie potasiamu naitreti na nimwagilie joto likizidi. Inasaidia kweli? Na hizi punje zilizonywea, naweza kuzitunza zikawa mbegu ya msimu ujao?

Jibu: Ndugu yangu, pole nawe kwa shamba. Si kitu kimoja, ingawa wauzaji wa mbegu huyachanganya maneno hayo na hata sisi watafiti hatujasalimika. Aina nyingi zinazoitwa za kupandwa kwa kuchelewa sifa yake kubwa ni wepesi: zinachanua mapema, zinajaza punje upesi na kukauka kabla joto halijawa kali. Hizo zinalikimbia joto. Aina inayostahimili inakutana nalo uso kwa uso na bado punje zake zinajaa kwa kiasi cha kuridhisha. Zikiwekwa pamoja kwenye jaribio la kupanda kwa kuchelewa, zote mbili zitaonekana zimefanya vizuri. Basi karatasi ya mbegu inaweza kuipa ya kwanza sifa ya ya pili bila mtu yeyote kudanganya.

Ili ujue unayoihitaji wewe, acha kwanza kuhesabu siku ulizochelewa kupanda, hesabu tarehe ya kuchanua. Wiki tatu za kuchelewa shambani hazigeuki kuwa wiki tatu za kuchelewa kuchanua, kwa sababu joto la baadaye huiharakisha ngano na hufidia baadhi ya siku. Kinachoamua mavuno yako ni hali ya hewa ya wiki moja au mbili kabla suke halijatoka, na ya wiki tano au sita zinazofuata.

Katika kipindi hicho ngano hupenda wastani wa nyuzi joto 15 hadi 20 za sentigredi, mchana na usiku ukivichanganya. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba, hata ndani ya kiwango hicho, wastani ukizidi nyuzi 15 wakati wa kujaza punje, kila nyuzi 1 ya ziada huondoa asilimia 3 hadi 4 ya mavuno. Kwa dunia nzima, mtafiti Senthold Asseng na wenzake walikadiria mwaka 2015 kwamba uzalishaji wa ngano hupungua karibu asilimia 6 kwa kila nyuzi 1 joto linapopanda. Ila wastani huficha mambo. Siku tatu za nyuzi 35 katikati ya wiki ya kuchanua zinaweza kukutia hasara kuliko mwezi mzima wa joto la kadiri, kwa kuwa mmea hauumii kwa namna moja nyakati zote.

Suke likiwa bado limejificha ndani ya ala ya jani la juu, ndipo chavua inapotengenezwa. Hapo ndipo ngano ilipo dhaifu kuliko wakati mwingine wowote. Joto likipita nyuzi 30 kwa siku chache, sehemu ya chavua hufa, na nje huoni chochote: jani ni kijani, shina limesimama, suke litatoka zuri. Utakuja kujua wiki kadhaa baadaye ukilivunja suke na kukuta vyumba vitupu. Kuchanua kwenyewe nako ni kwa hatari, kwa sababu hizohizo. Baada ya hapo idadi ya punje imeshawekwa, na joto linahamia kwenye uzito. Katika wiki mbili za mwanzo punje hujijengea seli za ndani zitakazobeba wanga. Zikiwa chache, ghala limekuwa dogo, na hata hali ya hewa ikitulia baadaye halitanuki tena.

Halafu kuna kujaza kwenyewe. Fikiria debe chini ya bomba. Joto huongeza kasi ya maji kidogo, lakini linamwita mwenye debe aondoke mapema mno. Kwa ngano hicho ndicho kinachotokea: punje inajaa kwa kasi kubwa kidogo kila siku, lakini siku zenyewe zinakatwa sana, na kasi haiwezi kufidia. Tena karibu theluthi mbili ya uzito wa punje ni wanga, na kimeng'enya kinachounda wanga ndani ya punje huanza kupoteza nguvu joto likipita nyuzi 25 hivi. Sukari inakuwepo, imeletwa na majani na shina, lakini haigeuki kuwa wanga. Ndiyo maana punje ya joto ni nyembamba ilhali maabara itakwambia protini yake kwa asilimia iko juu. Protini haijaongezeka, wanga ndio uliokosekana. Usiiuze kama sifa kabla hujapima ubora wa unga, maana joto huvuruga pia uwiano wa protini za gluteni (zile zinazoushika unga ukikandwa) na donge linaweza kutoka legevu.

Usiku nao una neno. Usiku wa joto mmea unapumua zaidi na kuteketeza sehemu ya kile ulichotengeneza mchana, na siku za kujaza zinafupika zaidi. Wakulima wengi huandika joto la saa nane mchana tu. Andika na la alfajiri.

Sasa, kabla hujalaumu joto, nenda shambani masuke yakiwa yamekomaa nusu, uchukue ishirini au thelathini kutoka sehemu mbalimbali, ukayavunje kwenye kiganja. Hesabu punje za kila suke na utazame zilikaa wapi. Ukikuta vyumba vingi havina punje kabisa, madhara yalitokea kabla ya kuchanua au wakati wa kuchanua. Ukikuta punje zipo zote lakini zimekunjamana, mgongo umeingia ndani na mfereji wa tumbo umekuwa mpana, madhara ni ya kipindi cha kujaza. Hizo ni shida mbili tofauti na dawa zake ni tofauti. Ya kwanza inatibiwa kwa kuhamisha tarehe ya kuchanua; hakuna maji wala dawa ya kunyunyiza itakayofufua chavua iliyokufa. Ya pili ndiyo inayoitikia aina yenye ustahimilivu, maji na utunzaji wa majani.

Na vyumba vitupu si lazima liwe joto. Udongo wenye upungufu wa madini ya boroni huzuia chavua kukua, na ngano inaonekana vilevile: maua yanabaki yamejiachia wazi kwa siku nyingi, suke linapitisha mwanga ukiliinua juani. Tatizo hilo limeandikwa sana huko Nepal, Bangladesh na kaskazini ya Thailand, katika mashamba kama yako ya mpunga na ngano. Mkulima anaweza kubadilisha mbegu mwaka hadi mwaka akitafuta ustahimilivu wa joto, kumbe udongo unadai boroni ya gharama ndogo tu. Kwa maelezo yako punje zako zipo ila zimenywea, kwa hiyo naelekea kuamini kwamba kwako ni joto la kujaza. Lakini yavunje masuke kwanza.

Nyanda za kaskazini mwa India zimekuwa na shida yako kwa miongo mingi, na karibu kila tunachokijua kuhusu ngano ya kuchelewa kimepitia huko. Mpunga unatoka Oktoba au Novemba, ngano inayopandwa katikati ya Novemba inafanya vizuri, na inayoingia Desemba inapoteza karibu asilimia 1 ya mavuno, wakati mwingine zaidi, kwa kila siku ya kuchelewa. Ngano hiyo inabanwa pande mbili. Inaota kwenye baridi, kwa hiyo inatoka polepole na kutoa machipukizi machache. Halafu joto la Machi linaikuta ikiwa inajaza. Mtafiti David Lobell na wenzake walitumia picha za setilaiti wakaonyesha mwaka 2012 kwamba siku za zaidi ya nyuzi 34 zinaharakisha kuzeeka kwa majani ya ngano huko. Machi 2022 ilikuwa ya joto kali kuliko Machi zote katika rekodi za India tangu 1901, na hata ngano iliyopandwa kwa wakati iliungua. Mei 13 mwaka huohuo serikali ilizuia ngano kuuzwa nje.

Jibu la kwanza la wazalishaji wa mbegu huko lilikuwa wepesi. Sonalika, iliyotolewa miaka ya 1960, ilipendwa sana kwa kupandwa nyuma ya mpunga kwa sababu ilikomaa upesi na punje yake ilikuwa kubwa. WR 544 ilitolewa kwa wale waliochelewa mno. Baadaye zikaja aina kama Raj 3765, HD 3059 na DBW 173, ambazo wepesi wake umechanganywa na uwezo wa kubaki na uzito wa punje kwenye joto. Bangladesh nako BARI Gom 26 ilienea kwa sababu hiyohiyo. Siyataji haya ili uyatafute. Aina iliyozaliwa kwa urefu wa mchana na magonjwa ya kule inaweza kukuaibisha kwako. Nataka uone mwelekeo: wepesi ulitangulia, ustahimilivu ukafuata, na aina nzuri za leo zina vyote viwili kwa viwango tofauti.

Wepesi una gharama yake. Aina inayochanua siku kumi kabla ya wenzake imekuwa na siku kumi chache za kutoa machipukizi, kukuza majani na kujenga suke. Mwaka ambao joto linachelewa utaiona ya jirani yako imekupita, na yako imeshakauka ikisubiri kuvunwa. Mwaka utakaobahatika kupanda kwa wakati itachanua mapema mno, na penye baridi ya kugandisha inaweza kuuawa maua. Ustahimilivu gharama yake ni ndogo zaidi, lakini una mpaka: unakukinga dhidi ya nyuzi chache na siku chache. Ukisikia aina inayosemekana haijali joto, kaa mbali nayo.

Hapa nikuonye kuhusu namba utakazoonyeshwa. Kuna kipimo kiitwacho kielezo cha kuathirika, kilichopendekezwa na Fischer na Maurer mwaka 1978, ambacho kwa ufupi hulinganisha asilimia iliyopotezwa na aina moja na ile iliyopotezwa na aina zote kwa wastani. Chini ya 1 unaambiwa inastahimili, juu ya 1 inaathirika. Tuchukue mfano wa kubuni. Aina ya kwanza hutoa tani 6 kwa hekta ikipandwa kwa wakati na tani 4 ikichelewa. Ya pili hutoa tani 4 kwa wakati na tani 3.2 ikichelewa. Ya kwanza imepoteza theluthi moja, ya pili imepoteza asilimia 20 tu. Wastani wa zote mbili umeshuka kutoka tani 5 hadi 3.6, yaani asilimia 28; ukigawanya kwa hiyo, ya kwanza inapata karibu 1.19 na ya pili 0.71. Karatasi itaandika kwamba ya pili ndiyo mstahimilivu, na ni kweli. Lakini wewe uliyechelewa kupanda utavuna tani 4 kwa ile "dhaifu" na tani 3.2 kwa ile "shupavu". Asilimia haiingii ghalani. Kipimo cha Fernandez cha mwaka 1992, kinachozidisha mavuno ya hali zote mbili na kuyagawanya kwa mraba wa wastani wa mavuno ya kupanda kwa wakati, kingeiweka ya kwanza mbele: 0.96 dhidi ya 0.51. Kwa hiyo ukiletewa karatasi, uliza tani kwa hekta katika kupanda kwa kuchelewa, kwa misimu isiyopungua mitatu, kisha uliza tarehe ya kuchanua. Asilimia ije mwisho.

Tarehe ya kuchanua ndiyo inayokufichulia mkimbiaji. Ikiwa aina mbili zimepandwa siku moja, ya kwanza ikachanua siku nane kabla na kutoa mavuno zaidi kidogo, hujaona ustahimilivu wowote, umeona wepesi. Ikiwa zimechanua siku moja au mbili zikipishana, na moja ina uzito mkubwa wa punje 1000, hapo una ushahidi. Watafiti wakitaka kuwa na uhakika hupanda aina ndefu mapema na fupi baadaye ili zote zichanue pamoja ndani ya joto lilelile. Wewe unaweza kufanya hivyo kwa vipande vidogo pembeni mwa shamba, mistari michache kwa kila aina, kamba na vibao vya majina. Kipimo cha uzito ni rahisi: hesabu punje 1000 bila kuchagua kubwa, pima kwa mizani ya gramu. Ngano nyingi zikistawi hutoa gramu 35 hadi 45. Ikishuka hadi 25 au 28 umeungua, na sasa unajua kwa kiasi gani.

Ustahimilivu wenyewe unatoka wapi? Hakuna jeni moja inayoubeba, na ndiyo sababu kazi imekuwa ya polepole. Vinachangia vitu kadhaa, na vitatu nadhani unapaswa kuvijua. Cha kwanza ni ubaridi wa mmea. Ngano yenye mizizi inayozama huendelea kutoa jasho, na majani yake yanakuwa na nyuzi kadhaa chini ya joto la hewa. Huko Ciudad Obregón, Mexico, CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, hupanda mistari ya majaribio mwishoni mwa Februari au Machi badala ya Novemba na Desemba ili iungue kwa makusudi, kisha watafiti hupita adhuhuri na kipimajoto cha infraredi wakisoma joto la majani. Mtafiti Matthew Reynolds amejenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya kipimo hicho, kwa sababu ni cha haraka na kinakwenda sambamba na mavuno. Sudan nako, bonde la Gezira, ngano hulimwa kwa umwagiliaji katika msimu mfupi wenye joto mwanzo hadi mwisho, na kituo cha Wad Medani kimekuwa mahali pa kuchuja aina za joto. Nina imani zaidi na aina iliyopita kwenye vituo kama hivyo kuliko iliyosifiwa kwa jaribio la msimu mmoja.

Kipimo hicho cha joto la majani lakini kinataka hewa kavu. Penye unyevunyevu mwingi mmea hauwezi kujipoza vizuri kwa jasho, tofauti kati ya aina zinafifia, na juu ya joto unaongezewa ugonjwa wa madoa ya kahawia unaoteketeza majani ya ngano iliyochelewa. Mahali kama hapo, aina yenye kinga ya magonjwa ya majani itaishinda yenye sifa za joto pekee. Na ugonjwa wa kutu usiusahau popote ulipo. Ngano iliyochelewa hukaa shambani wakati vimelea vya kutu vimeshazaliana kwa majirani.

Cha pili ni akiba ya shina. Kabla ya kuchanua ngano huweka sukari kwenye bua, hasa pingili za juu, na majani yakifa akiba hiyo huhamishiwa kwenye punje. Katika hali nzuri mchango wake ni wa asilimia 10 au 20, lakini joto na ukame vikibana unaweza kufika karibu nusu ya uzito wa punje. Aina fupi mno zenye bua jembamba mara nyingi hazina akiba ya kutosha.

Cha tatu ni majani kubaki kijani. Sifa hii inapendwa kwa sababu inaonekana kwa macho, na kwa sababu hiyohiyo inadanganya. Mmea ambao masuke yake hayakushika punje hubaki kijani kwa kuwa hakuna anayeihitaji sukari yake. Ukiona shamba la kijani kibichi wakati wenzake wamekuwa manjano, shika suke kabla ya kushangilia.

Basi uchague ipi? Pata rekodi za joto za kituo kilicho karibu nawe kwa miaka kumi, utafute ni wiki gani joto la mchana huanza kupita nyuzi 30 karibu kila siku. Rudi nyuma siku 35. Hiyo ndiyo tarehe ya mwisho ambayo ungependa ngano yako iwe imechanua. Halafu uliza kila aina inachanua baada ya siku ngapi ikipandwa kwa tarehe yako, si kwa tarehe ya kitabu. Aina nyepesi ikiwahi tarehe hiyo na ile stahimilivu ikachelewa kwa siku chache, tuseme hadi wiki moja, mimi ningechukua stahimilivu, kwa sababu siku za ziada zinaijengea suke kubwa na joto la mwisho italimudu. Ikichelewa kwa siku kumi na zaidi, chukua nyepesi. Na zote mbili zikichanua wiki mbili au tatu baada ya tarehe hiyo, usipande ngano mwaka huo; weka zao lingine la muda mfupi linalopenda joto. Najua si jibu ulilotaka, lakini mbegu haiwezi kununua wiki tatu.

Kwa shamba lako lenyewe kuna mengi ya kufanya yasiyohusu aina. Ngano iliyochelewa haina muda wa kutoa machipukizi, kwa hiyo masuke mengi yanapaswa kutoka kwenye mashina makuu. Ongeza mbegu na usogeze mistari. Mashauri ya kaskazini-magharibi mwa India ni kilo 100 kwa hekta kwa ngano ya wakati na 125 kwa iliyochelewa, na mistari inasogezwa hadi sentimita 18 hivi. Naitrojeni huko hushushwa kutoka kilo 150 hadi 120 kwa hekta, kwa kuwa shamba lililochelewa haliwezi kuitumia yote, na majani mengi kupita kiasi hunywa maji ambayo punje zingeyahitaji. Usishushe sana, maana majani yenye njaa ya naitrojeni huzeeka mapema hata bila joto. Ukiloweka mbegu usiku kucha na kuzianika kivulini kabla ya kupanda, zitaota siku kadhaa mapema, na kwako kila siku ina thamani.

Siku nyingi zaidi utaziokoa kwa kuacha kulima. Baada ya mpunga udongo ni mgumu na umelowa, na wakulima wengi hupoteza wiki moja hadi mbili wakisubiri ukauke ili walime mara mbili tatu. Mashine ya kupandia bila kulima, ikiwemo ile ya Happy Seeder inayopanda ndani ya mabua ya mpunga, huweka ngano ardhini karibu mara tu mpunga ukitoka, na mabua yanayobaki juu hupunguza joto la udongo na upotevu wa maji. Kama bado hujaitazama aina ya mpunga unayopanda, itazame. Mpunga unaokomaa wiki mbili mapema ni tiba ya ngano kuliko mbegu yoyote ya ngano utakayoletewa, nami nisingetumia pesa kubwa kwenye mbegu mpya kabla ya kulimaliza hilo.

Maji wakati wa joto yanasaidia, na yanasaidia sana, ila kwa masharti. Mwagilia kidogo, siku moja au mbili kabla wimbi la joto halijafika, mmea uwe na cha kutolea jasho. Ukisubiri majani yajikunje umeshachelewa. Usijaze shamba kwenye udongo mzito. Mizizi iliyozama kwenye maji ya moto hukosa hewa na mmea utanyauka ukiwa majini. Na upepo ukivuma ahirisha, kwa sababu suke zito juu ya udongo laini hulala, na ngano iliyolala ikijaza haiinuki.

Potasiamu naitreti ninaiweka nyuma kabisa ya maji. Shauri linalotolewa sana ni asilimia 2, yaani kilo 2 kwenye lita 100 za maji, mara moja suke likiwa linakaribia kutoka na mara ya pili baada ya kuchanua, jioni jua likiwa limepoa. Huchelewesha kuzeeka kwa majani kwa kiasi fulani, na kwenye udongo wenye upungufu wa potasiamu utaiona tofauti. Lakini kumbuka nilichokueleza kuhusu wanga: sehemu ya tatizo imo ndani ya punje, ambako sukari ipo lakini haigeuki, na huko dawa ya majani haifiki. Usizidishe kipimo ukidhani utapata zaidi. Utaunguza ncha za majani ambayo ulitaka kuyaokoa.

Kuhusu mbegu: joto halijabadilisha uzao wa punje zako. Ngano hujichavusha yenyewe, kwa hiyo punje iliyonywea itazaa mmea wa aina ileile, na wala haijajifunza kustahimili joto kwa sababu mama yake aliungua. Tatizo ni chakula kilichomo. Punje nyembamba ina akiba ndogo, mche unatoka dhaifu, na ukipanda kwa kina kama ilivyo kawaida wengine hawatafika juu. Kama huna mbegu nyingine, chekecha kwa wavu ubaki na kubwa tu, kisha weka punje 100 kwenye kitambaa kibichi uhesabu zilizoota vizuri baada ya siku nane. Zikifika 85 panda kama kawaida yako mpya ya kilo 125. Zikiwa 70, ongeza mbegu kwa karibu moja ya tano na usipande kwa kina kinachozidi sentimita 4 au 5. Zikishuka chini ya hapo, wape kuku.